Nyumbani Kwetu: Mtoto Angali Mgongoni



Wazee wetu, mama akipata mimba naye angali ananyonyesha, walisema mtoto amebemendwa. Waliona jambo la kweli. Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams aliandika habari za kwashakoo, jina alilolikuta kwa Waga wa Ghana ya leo: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake.

Shirika la Afya Duniani lashauri wazazi wangoje miezi 24 tangu mtoto kuzaliwa, ndipo watafute mimba nyingine. Ongeza miezi 9 ya mimba: mkubwa atakuwa karibu na miaka 3, anakula na kutembea mwenyewe.

Baba, usimwachie mama kazi hii. Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, alifundisha kwamba wazazi wenye sababu za haki waweza kuachanisha watoto kwa kufuata siku za maumbile. Mama aweza kuzihesabu siku hizo. Lakini baba asipojizuia, hesabu yake ni bure.

Basi jioni ya leo, ketini wawili mshauriane, mtoto angali mgongoni.