Afya nayo iingie kwenye kikoba

Sanduku la kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, lina kufuli tatu, na kila kufuli ina mshika ufunguo wake. Lenyewe hulala nyumbani kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao wasipotimia, halifunguki. Utaratibu huu, ambao chimbuko lake ni vikundi vya akina mama wa Niger mwaka 1991, umeweza jambo ambalo mahubiri ya kuweka akiba yalishindwa miaka nenda miaka rudi. Muuza maandazi ambaye shilingi 5,000 aliyoificha chini ya godoro haimalizi siku tatu kabla haijapata dharura yake, hupeleka kikobani shilingi 5,000 hiyohiyo kila Jumamosi, na kikoba kikivunjwa mwisho wa mwaka anaondoka na 260,000, faida kando. Hajageuka mtu mwingine. Kilichoongezeka ni siku inayojulikana, kiasi kinachowezekana, daftari, faini ya kuchelewa na macho ya watu wanaomfahamu kwa jina. Hoja yangu ni kwamba afya nayo huwekwa hivyohivyo, kidogokidogo na mbele ya watu, na kwamba mipango mingi tunayojiandikia kila Januari hufia njiani kwa sababu tumeificha chini ya godoro.

Kasoro inaanzia kwenye neno "binafsi". Mpango binafsi wa afya, kama unavyofundishwa kwenye semina za maofisini na kwenye programu za simu, ni jedwali la safu tatu: mwili, akili, roho. Chini ya mwili mtu anaandika kukimbia saa 11 alfajiri, chini ya akili anaandika kupumzika na kupunguza simu, chini ya roho anaandika kusali zaidi. Jedwali linapendeza. Lakini limemkata mtu mmoja vipande vitatu, kisha likamwacha ahangaike navyo peke yake, na saa 12 asubuhi anatakiwa awe kituoni akigombania daladala. Ndiyo maana ifikapo Februari raba za mazoezi zimeshakuwa raba za kuendea dukani.

Kiswahili chenyewe hakijawahi kukubali mkato huo. Tukimwuliza mtu "U mzima?" hatuulizi habari za goti lake tu. Mzima ni aliye hai, ni asiyeumwa, ni aliyekomaa, ni mwenye akili zake, ni kitu ambacho hakijapunguzwa. Shirika la Afya Duniani liliisogelea maana hiyo katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, ambayo inaitazama afya kama ustawi wa mwili, wa akili na wa kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Mwaka 1998 bodi ya utendaji ya shirika hilo ilipendekeza ustawi wa kiroho nao utajwe. Mwaka uliofuata mkutano mkuu ukaliweka pendekezo kando, na mpaka leo maana ya afya katika katiba iko vilevile. Wanadiplomasia wana sababu zao, kwani roho haivalishwi mkanda wa kupimia presha. Sisi tunaosalimiana kwa uzima hatuna haja ya kusubiri azimio la Geneva.

Ushahidi wa kitabibu nao unaonyesha kwamba vipande hivi havitengani. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti juu ya watu 156 wenye sonona, wa umri wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, la pili likameza dawa ya sonona, la tatu likafanya yote mawili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Walimu wa mazoezi wanapenda sana kuutaja utafiti huu, ila kuna mahali huwa wanaparuka: wale wagonjwa hawakuwa wakifanya mazoezi kila mtu kivyake. Walikutana, wakiwa na msimamizi, na watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda ule ushirika nao ulichangia nafuu. Kwa maneno mengine, hatujui ni kiasi gani waliponywa na miguu na ni kiasi gani waliponywa na wenzao. Kwa mtu anayepanga maisha yake, kutojua huko si hasara. Achukue vyote viwili.

Kuhusu kiasi, tumetishwa bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Dakika 150 ukizigawa kwa siku saba hazifiki 22 kwa siku. Mwongozo huo umeondoa pia sharti la zamani kwamba zoezi lisipungue dakika 10 mfululizo, kwa hiyo ngazi za ofisini zinahesabika na kufua kwa mkono kunahesabika. Mtafiti Jeremy Morris aliliona hilo mapema. Mwaka 1953 alilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, na makonda wakawa wanaugua moyo kidogo kuliko madereva. (Konda wa daladala zetu, anayening'inia mlangoni, ana mashaka yake mengine.) Hakuna hata konda mmoja aliyekuwa na mpango wa afya. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi, basi hakuzihitajia moyo wa chuma.

Hilo ndilo somo la kwanza la anayeandika mpango: jambo jipya litundikwe kwenye jambo ambalo tayari hutokea bila kubembelezwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelishughulikia kwa miaka mingi. Anayesema "nitatembea zaidi" huwa nyuma ya anayesema "nikishamaliza kunywa chai, natoka." Na subira inatakiwa kuliko tunavyoambiwa. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo dogo la kila siku. Katika taarifa yao ya mwaka 2010, ilichukua wastani wa siku 66 jambo hilo lianze kujiendesha lenyewe. Walio wepesi walitumia siku 18, na kwa wazito hesabu ilifika 254. Aliyeanza Januari 1, siku yake ya 66 ni Machi 7, wakati wengi wetu tumeshakata tamaa tangu Januari haijaisha. Lally aligundua pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi. Kikobani ni hivyohivyo: ukikosa Jumamosi moja unalipa faini, hufukuzwi.

Somo la pili ni shahidi, na hapa Afrika ina ushahidi wake. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina mama wazee 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Waliwekewa benchi la mbao kwenye viwanja vya zahanati. Mgonjwa hakuambiwa ana sonona. Aliulizwa habari ya kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo kila Mswahili aliyewahi kuambiwa "acha mawazo" analielewa. Bibi alisikiliza, wakachagua tatizo moja, wakalitafutia hatua moja, wakapeana siku ya kuonana tena. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio la watu 573 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa kwenye benchi walikuwa takribani asilimia 14, na kati ya waliopata huduma ya kawaida ilikuwa kama nusu. Mwaka huohuo Tyler VanderWeele na wenzake wa Harvard walitoa hesabu za wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa theluthi hivi, wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ibada ndiyo sababu, na nisingependa usomwe mimbarini kana kwamba ni cheti. Lakini kilichopimwa pale ni mahudhurio. Ni kwenda, kukaa safu moja na wengine, na kuulizwa ulikuwa wapi.

Sasa tuuandike huo mpango. Karatasi moja ya daftari la kaunta inatosha, na kila mstari uwe na saa, mahali na mtu. Kwa karani mmoja unaweza kusomeka hivi: nikitoka swala ya alfajiri, kabla sijakaa, natembea na jirani wa nyumba ya pili mpaka barabara ya lami na kurudi, dakika 25. Kopo la chumvi linabaki jikoni, haliji mezani, na mpishi anajua kwamba kijiko kimoja cha chai ndicho kikomo cha mtu kwa siku nzima. Ijumaa jioni nampigia dada simu, sauti kwa sauti, wala si kutuma picha ya maua. Jumamosi ya kwanza ya mwezi napima presha na namba inaandikwa. Tazama mstari wa kwanza: ni mwili, ni mazungumzo na jirani, na umeanzia msikitini. Safu tatu za lile jedwali zimeingia kwenye dakika 25, na jirani ndiye mweka nidhamu. Asiyetokea, faini ni fungu la mchicha.

Watu watapinga, na baadhi ya pingamizi ni nzito. La kwanza ni kwamba mipango ni ya wenye nafasi. Mchukuzi wa sokoni anayebeba magunia tangu alfajiri atembee tena kwa ajili gani? Asitembee. Mpango wake una mistari mingine: saa ya kulala, maji, kupima, na mtu wa kumwambia anapodaiwa kodi ya chumba asijue pa kushika. Kosa la semina ni kumpa yeye na karani karatasi ileile. La pili ni kwamba tunambebesha mwananchi mzigo wa serikali, maana barabara nyingi hazina njia ya miguu na soda ipo hata pasipokuwa na maji salama. Ni kweli, na mpango wa mtu mmoja hauwezi kujenga njia ya miguu. Lakini Tanzania imeshawahi kuunganisha hayo mawili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilileta vitabu na vipindi vya redio kutoka juu, na watu wapatao milioni mbili wakakaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza, wakabishana, wakaenda kuchimba vyoo. Serikali ilileta sauti. Kikundi kilihakikisha jembe limeshikwa. Mtaa wenye watu 20 wanaotembea pamoja kila alfajiri una sababu na sauti kubwa zaidi ya kumdai diwani wake njia ya miguu kuliko mtu mmoja mwenye raba mpya.

Pingamizi la tatu husemwa kwa upole zaidi: mwenye kupanga ni Mungu. Mkulima wa Singida anayeomba mvua huwa ameshatayarisha shamba, na hakuna anayemwona kakosa imani. Hatari iko upande wa pili, kwa mtu anayetupa vidonge vya presha baada ya maombi kwa kuwa anajisikia vizuri. Presha mara nyingi haina dalili. Kujisikia vizuri si kipimo. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayetaka kufunga aonane kwanza na daktari, na anayefikiria kujidhuru apelekwe hospitali leo, hata kama mtaani jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limegeuzwa tusi. Mpango niusemao haushindani na hospitali.

Lililobaki ndilo linalowauma wengi ingawa hawalisemi: umbea. Ukimwambia mtu kwamba hulali usiku, kesho mtaa mzima unajua. Woga huo una msingi, na jibu lake liko palepale kwenye sanduku. Kikoba kina wanachama 25, lakini washika ufunguo ni watatu, na huchaguliwa kwa kuaminika. Presha na matembezi viwe vya kikao kizima. Yanayokukosesha usingizi yawe ya mmoja au wawili uliowapima kwa siku nyingi, na kama mtaani hawapo, tafuta kwa ndugu, kwa sheikh au padri, au kwa mshauri wa zahanati.

Basi kikao kijacho, kabla kufuli hazijafungwa, mwombeni mweka hazina asome salio la mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana. Lisipotosha, wanachama 25 wakichanga 4,000 kila mmoja ni shilingi 100,000, na mashine ya presha ya kufunga mkononi inapatikana kwa fedha hizo.