Mashine Ndani ya Mashine: Somo Lililofichwa na Mchezo

Jioni, katika kata ya Kashaulili mjini Mpanda, si ajabu kuwakuta vijana wawili watatu wameinamia simu moja wakicheza mpira wa miguu. Mmoja anacheza, wengine wanangoja zamu. Mchezo wenyewe aghalabu haukutungwa kwa ajili ya simu. Ulitungwa kwa ajili ya PSP, kifaa cha michezo cha kampuni ya Sony kilichoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2004, na ambacho hakitengenezwi tena. Wengi wa wachezaji hao hawajapata kukiona kifaa hicho kwa macho. Hata hivyo wanaicheza michezo yake, na wengine hucheza matoleo yaliyobadiliwa na vijana wenzao wa Tanzania, yakatiwa timu za Simba na Yanga.

Mzazi apitaye hapo huona upotevu wa wakati. Mwalimu huona adui wa kazi za nyumbani. Malalamiko yao si ya bure. Lakini ndani ya simu ile limo jambo ambalo wao, pamoja na wachezaji wenyewe, hawalioni: mashine moja inajifanya kuwa mashine nyingine. Hilo ni mojawapo ya mafunzo makubwa ya sayansi ya kompyuta. Lastahili kufundishwa katika shule za sekondari, si kwa kuucheza mchezo, bali kwa kuijenga mashine inayouchezesha.

Programu ifanyayo kazi hiyo huitwa emuleta. Inayotumika zaidi kwa michezo ya PSP ni PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård na kutolewa kwa umma mwezi Novemba 2012. Kazi yake si nyepesi. Prosesa ya PSP hufahamu amri za aina ya MIPS, ilhali prosesa za simu nyingi hufahamu amri za aina ya ARM. Namba ambayo kwa prosesa moja ina maana ya "jumlisha", kwa prosesa nyingine huweza kuwa na maana tofauti kabisa, au isiwe na maana yoyote. Ni kama Mkonongo na Msukuma waliokutana sokoni Mpanda, kila mmoja akiijua lugha ya kwao tu. Biashara haifanyiki mpaka apatikane mkalimani. Emuleta ndiyo mkalimani huyo.

Mkalimani aweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kusikiliza sentensi moja, kuifasiri, kisha kungoja inayofuata. Na sentensi ileile ikirudiwa mara mia, huifasiri mara mia. Ya pili ni kulifasiri fungu zima la maneno, kuliandika, na kulisoma tena kila linapohitajika. Njia ya pili ni ngumu kuitayarisha lakini ni ya haraka zaidi, na ndiyo itumiwayo na PPSSPP katika simu. Juu ya hayo, emuleta hupaswa kuiga kioo chenye nukta 480 kwa 272, sauti, vitufe na mwendo wa saa ya kifaa cha awali. Ndiyo sababu simu ya bei ndogo hukwama pale mchezo unapopamba moto: inafanya kazi yake yenyewe pamoja na kazi ya mashine isiyokuwepo.

Wazo hili halikuanzia katika michezo. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hisabati kwamba yaweza kuwepo mashine moja ya kukokotoa ambayo, ikipewa maelezo ya mashine nyingine yoyote ya namna hiyo, itafanya kazi ya mashine hiyo. Mwaka 1964 kampuni ya IBM ilipotangaza kompyuta zake mpya za System/360, iliwapa wateja njia ya kuendesha ndani yake programu zilizoandikwa kwa kompyuta za zamani kama 1401, ili kazi ya miaka mingi isipotee. Vijana wa Kashaulili wanafaidi leo matunda ya mti uliopandwa na wanahisabati na makarani.

Tanzania nayo ina historia yake na mashine hizi. Serikali ilianza kutumia kompyuta katika Wizara ya Fedha katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo liliondoka baadaye, na leo kompyuta imo katika mfuko wa suruali wa kijana wa kawaida. Mlango wa forodha umefunguka. Mlango wa maarifa bado umerudishwa. Mtu aweza kumiliki mashine kwa miaka kumi asijue inavyotii amri hata moja. Taifa la watumiaji wa namna hiyo litaendelea kununua akili za wengine, hata simu zikawa rahisi kama kiberiti.

Basi mwalimu aanzie wapi? Asianzie kwenye PSP, ambayo ina mambo mengi mno kwa anayejifunza. Aanzie kwenye CHIP-8. Hii ilitungwa na Joseph Weisbecker wa kampuni ya RCA katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kompyuta ndogo iliyoitwa COSMAC VIP. Kwa hakika CHIP-8 si mashine ya chuma, bali ni mashine ya kufikirika yenye kanuni zake. Ina nafasi 4,096 za kumbukumbu, rejista 16 za kuwekea namba, kioo cha nukta 64 kwa 32, vitufe 16, na amri 35 tu. Mwaka 1990 iliingizwa katika vikokotoo vya mkononi vya HP-48, navyo vikageuka vifaa vya michezo. Kilichowezekana ndani ya kikokotoo cha wakati ule hakiwezi kuishinda simu ya leo.

Tena haihitaji hata simu kwa kuanzia. Daftari na kalamu vyatosha. Kila amri ni namba ya tarakimu nne katika kizio cha kumi na sita. Amri 6A05 maana yake ni: weka 5 katika rejista A. Amri 7A03 maana yake ni: ongeza 3 katika rejista A. Programu huanzia nafasi ya 200, na kila amri huchukua nafasi mbili. Kwa hiyo amri ya kwanza imo katika 200, ya pili katika 202. Amri ya tatu ikiwa 1202, maana yake ni: rudi nafasi ya 202. Mwanafunzi mmoja na awe prosesa, azisome amri kwa sauti; mwingine na awe rejista A, aandike namba ubaoni. Wataandika 5, kisha 8, kisha 11, na kuendelea. Baada ya kujumlisha mara 83 watafika 254. Wakijumlisha tena, jibu sahihi la mashine si 257 bali ni 1, kwa kuwa rejista haibebi namba iliyozidi 255, na kilichozidi huanza upya. Darasa lililoona jambo hilo limejifunza vizio vya namba, kumbukumbu na mpaka wa mashine kwa kipindi kimoja.

Baada ya hapo, shule yenye kompyuta hata moja yaweza kuandika emuleta hiyo kwa lugha yoyote ya programu, na kuihamishia katika simu. Hakuna amri hata moja kati ya zile 35 ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu hataielewa akielezwa vizuri.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivyo ni kuwahalalishia wanafunzi mchezo. Jibu ni kwamba anayejenga emuleta hutumia siku nyingi kutafuta kosa moja la hesabu, na hiyo ni kazi, wala si mchezo. Wako pia watakaouliza juu ya sheria, na swali lao ni la haki. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliamua kwa manufaa ya Connectix, waliokuwa wamechunguza kifaa cha Sony ili kutengeneza emuleta yake. Lakini emuleta ni jambo moja, na mchezo unaoingizwa ndani yake ni jambo jingine. Mchezo ni mali ya waliouunda, na hapa nchini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za namna hiyo. Kunakili na kuuza michezo ya watu kwa kadi za kumbukumbu si ubunifu. Mwalimu aliseme hilo waziwazi. Na hapo faida ya CHIP-8 huonekana tena: mchezo wake ni mdogo kiasi cha mwanafunzi kuutunga mwenyewe, ukawa wake kwa haki.

Kuna sababu nyingine ya kulihimiza jambo hili, nayo yahusu mahali. Mtunzi wa programu mwenye simu ya bei kubwa haoni hasara ya amri zisizo za lazima. Simu yake huzimeza zote. Kijana wa Mpanda mwenye simu dhaifu huiona kila dakika. Akifundishwa kuhesabu amri, kuzipunguza, na kuchagua kati ya kufasiri moja moja na kufasiri fungu zima, atajua ufundi ambao wenye mashine kubwa huusahau. Programu za zahanati, za ushirika na za shule za Tanzania zitaendeshwa kwa simu kama yake kwa muda mrefu ujao, nazo zamhitaji mtu ajuaye kubana matumizi.

Programu ya PPSSPP haikufichwa. Maandiko yake yote yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma, kuyabadili na kuyaendeleza. Yumkini wapo Kashaulili vijana walioicheza mara elfu. Anayetakiwa sasa ni mmoja atakayeifungua na kuisoma. Ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha kwamba mlango upo, na kwamba ufunguo wake ni hesabu ileile iliyoko ubaoni kila asubuhi.