Walioisikia ahadi walikuwa wapi?



Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya tulizunguka simu moja tukasikiliza kazi ya muziki inaitwa The Golden Vanity. Aliitunga Mwingereza Benjamin Britten mwaka 1966 kwa ajili ya kwaya ya wavulana ya Vienna, ikaimbwa mara ya kwanza mwaka 1967. Wavulana ndio wanaimba nafasi zote: nahodha, maharamia, mabaharia. Piano inawasindikiza.

Kisa kinatoka kwenye wimbo wa zamani sana wa bahari huko Uingereza. Meli inakutana na maharamia. Kijana mtumishi, mdogo wa watu wote melini, anasema: mimi nitaizamisha meli yao. Nahodha anamwahidi mali, na binti yake amuoe. Kijana anaruka majini na keekee, anaogelea, anatoboa ile meli mpaka inazama. Anarudi amechoka, anaomba apandishwe. Nahodha anakataa. Mabaharia wanakuja kumvuta wakati nguvu zimeisha, anakufa palepale kwenye sitaha.

Wengi wetu tulimlaani nahodha. Sawa, anastahili. Lakini nahodha ni mtu mmoja. Mabaharia walikuwa wengi, na ahadi waliisikia.

Sisi hiyo tunaijua. Kuna mwaka tuliitwa kuandikisha watu nyumba kwa nyumba, mvua inanyesha, matope mpaka magotini. Tuliambiwa kwa mdomo kwamba tukimaliza tutapata motisha na cheti. Tulimaliza. Hakuna kilichokuja. Kwenye mkutano mwenzetu mmoja akasimama akauliza. Sisi wengine tukaangalia viatu vyetu. Akaambiwa ana kiburi, na tangu siku ile jina lake haliitwi kwenye kazi yoyote. Jioni tukaenda kwake kumpa pole. Ile pole ndiyo kamba ya wale mabaharia. Ilichelewa.

Kuna wanaosema mkimbizi hadai, anashukuru. Sisi tunashukuru, lakini ahadi ni deni, na kudai deni siyo matusi.

Kwa hiyo vijana, tukiitwa kazini tuombe ahadi iandikwe kabla hatujaanza, nakala moja ibaki kwetu. Na mmoja akisimama kuuliza, tusimame wote. Ni vigumu kufuta majina ishirini kwenye orodha.

Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika: ukiwa ulikuwepo wakati mwenzako anaahidi, usiseme hiyo siyo idara yangu. Uliisikia. Mkumbushe mapema, kijana akiwa bado anaogelea.

Mwenzetu yule bado yuko hapa kambini. Mkutano ujao tutakwenda naye, na safari hii swali tutaliuliza sisi.