Saratani Mbili, Matundu Madogo

"Akiwa nazo mbili, basi imeshasambaa. Ya nini kumpasua?" Hili ndilo dai linaloniuma zaidi, kwa sababu linamrudisha nyumbani mgonjwa anayetibika. Saratani ya mfuko wa chakula na ya utumbo mpana zinaweza kuota kwa mtu mmoja, kila moja kwa asili yake. Mwaka 1932, watafiti Warren na Gates waliweka vigezo vya kuzitambua: kila uvimbe uwe saratani kweli, utengane na mwenzake, na isiwe mmoja umetokana na mwingine. Jibu hutoka maabara, kinyama kinapopimwa kwa hadubini. Kama hakuna iliyosambaa, zote mbili huweza kuondolewa kwa nia ya kuponya.

Wapo wanaosema upasuaji wa kamera, unaopitia matundu madogo tumboni, hupanda saratani kwenye kovu. Miaka ya 1990 hata madaktari waliihofia hali hiyo, ndipo Marekani ikafanya utafiti wa COST kwa wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana. Matokeo yalitoka 2004: baada ya miaka mitatu ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa kamera na 18 ya waliofunguliwa tumbo; kwenye jeraha ulirudi kwa chini ya asilimia 1 pande zote. Kweli, utafiti huo ulihusu saratani moja. Kwa mbili kwa pamoja tunategemea ripoti za wagonjwa wachache, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo.

"Daktari wa kamera hawezi kupapasa." Ni kweli, na uvimbe mdogo unaweza kumpita. Kwa hiyo utumbo mpana wote uchunguzwe kabla ya upasuaji, na mahali penye uvimbe patiwe alama ya wino. Uvimbe ukiziba njia, sehemu iliyo mbele yake ipigwe picha ya CT, kisha utumbo uchunguzwe kwa kamera baada ya upasuaji.

Kwamba operesheni mbili kwa mpigo zitamuua? Nusu kaputi ni moja, baadhi ya matundu hutumika kwa zote, na vipande huweza kutolewa kwa mkato mmoja mdogo. Ila saa huwa nyingi. Mwenye moyo dhaifu huenda akafaa kupasuliwa kwa awamu.

Na daktari akilazimika kufungua tumbo katikati ya kazi, hajashindwa. Damu ikikataa kuzuilika, au makovu ya zamani yakiwa yamegandisha utumbo, huo ndio uamuzi sahihi, na mgonjwa aelezwe kabla hajasaini fomu ya ridhaa.