Umenunua Subaru iliyochezewa? Usitoe hela ya mzigo kwenda kutuni

Leo siongelei bei ya mzigo wala namna ya kupiga picha bidhaa. Naongelea gari, kwa sababu hapa Tarime na kule Mugumu naona wauzaji wenzetu wameanza kutembeza oda na Subaru za turbo, na hela ya kuzihudumia hizo gari inatoka kwenye mtaji. Mtu anaposti viatu, anapata oda kumi, halafu faida yote inaishia gereji.

Naelewa kwa nini zinapendwa. Forester turbo inabeba mabelo, inapanda mlima, na ina jina. Colin McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, Richard Burns naye akashinda na Impreza 2000, na wenzetu wa ng'ambo ya Sirari hawajaacha kuzisimulia hadi leo. Tatizo ni kwamba nyingi zinazouzwa kwa bei ya kuvutia zimeshachezewa: bomba kubwa la moshi, chujio la wazi la hewa, turbo imeongezwa presha. Aliyezichezea hakumalizia kazi, anakuuzia wewe. Baada ya mwezi gari linakohoa na linakunywa, unaambiwa "boss, hii inataka kutuniwa tu".

Hilo neno "tu" ndilo linalokula watu.

Kwanza tuelewane kutuni ni nini. Gari ina kontroli boksi, yaani kompyuta inayoamua injini imwagiwe petroli kiasi gani na plagi ipige moto wakati gani. Kutuni ni kubadilisha hayo maelekezo yaendane na vitu vilivyobadilishwa. Chukua hilo chujio la wazi. Kwenye Subaru nyingi za turbo kuna sensa ya kupima hewa, imekaa kwenye bomba baada ya chujio, na kompyuta inajua upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi, sensa inasoma hewa pungufu kuliko iliyoingia kweli. Petroli inamwagwa kidogo, joto linapanda, na turbo ikijaza injini inaanza kugonga kwa ndani. Pistoni za hizi injini hazivumilii hiyo kitu. Unakuja kusikia injini inashushwa.

Ongeza mafuta. Hizi gari zilipangiwa barabara za Japani, ambako petroli ya daraja la juu ni ya oktani 100 hivi. Huku tunajaza iliyopo, na wengine wanajaza ya madumu vijijini. Ongeza na mwinuko: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na sisi Tarime tuko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe presha ileile. Ndiyo maana programu iliyopangwa kwa gari la Dar siyo ya kunakili tu na kuweka kwenye gari la hapa.

Sasa njia zilizopo na gharama zake.

Njia ya wapenzi wa Subaru ni kuandika upya programu ya kontroli boksi ileile ya kiwandani. Kwa matoleo mengi kuanzia miaka ya 2000, waya wa Tactrix unaounganisha gari na kompyuta ni chini kidogo ya dola 200, na programu kama RomRaider ni za bure. Ukisikia hivyo unaona rahisi. Lakini lazima uwe na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, nacho ni dola 200 nyingine hivi, bado usafiri, bado ushuru, bado fundi. Kuna wanaotuni kwa mbali: anakutumia faili, unaendesha ukirekodi, unamrudishia, anarekebisha, mara tatu, mara tano. Kurekodi huko kunataka ukanyage mafuta mpaka mwisho. Niambie ni kipande gani cha barabara kati ya hapa na daraja la Kirumi utafanya hivyo bila kukutana na ng'ombe au tochi ya trafiki. Faini ni 30,000 kwa kosa moja.

Njia ya pili ni kumpelekea fundi gari. Wanaotajwa sana kwa kazi hii wako Nairobi na Dar. Nairobi ni karibu kilomita 400, na mwinuko wake unakaribiana na wetu kuliko wa Dar. Lakini kuvuka Sirari kunataka kibali cha muda cha gari na bima ya kadi ya njano ya COMESA, halafu mafuta, kulala, na siku ambazo duka halijibu meseji.

Njia ya tatu ni kufunga kompyuta nyingine kabisa, kama Haltech au Link. Hapo umeanza na zaidi ya dola 1,000 kabla ya waya na kazi. Hiyo ni ya watu wa mashindano, tuwaachie.

Halafu kuna kile kiplagi cha OBD cha "kuongeza nguvu na kuokoa mafuta" kinachouzwa mitandaoni. Watu wamevifungua vingi wakakuta taa za kuwaka na kuzima, hakuna kinachoongea na injini. Nasema hili kwa sababu najua kuna wenzetu humu wanaviuza. Mteja wa Nyamongo akinunua leo na kesho akagundua, hatarudi kwako hata kununua chaja.

Msimamo wangu ni huu: kama gari ni la biashara, lirudishe kiwandani kwanza. Tafuta boksi la chujio na bomba la hewa la original hata kama ni used, shusha presha ya turbo irudi ilivyokuwa, weka plagi sahihi, badilisha oili, angalia taiming belti, ziba hosi zinazovuja hewa, pima kwa mashine. Forester turbo ya SG5 ilitoka Japani na farasi 220. Unapeleka magodoro, 220 zinakutosha na chenji inabaki. Tena chujio la wazi kwenye vumbi la njia za Serengeti ni kuilisha injini mchanga.

Piga hesabu. Gari lililokuwa linaenda kilomita 9 kwa lita likishuka hadi 7, kwa kilomita 1,000 za mwezi umeongeza lita 32 hivi. Weka lita 3,000, ni 96,000. Kama faida ya pea moja ya viatu ni 5,000, pea kumi na tisa za kwanza kila mwezi unamuuzia mwenye sheli. Hapo hata hujaongelea kutuni.

Kuna wanaosema gari lenye mlio ni tangazo la biashara. Nimewasikia. Ila mteja anayesubiri mzigo saa nne hajali mlio, anajali kama umefika. Na kama unalipenda gari lako kwa moyo, sikukatazi, kijana ana haki ya starehe. Fungua akaunti yake, weka akiba pole pole, usiguse hela ya mzigo. Na ukishafika kwa fundi, muulize kabla hujalipa: faili la kwanza la kiwandani utanihifadhia nakala? Utapima mchanganyiko kwa kifaa gani? Injini ikigonga nikishafika nyumbani, nani anarekebisha na kwa bei gani? Akianza kucheka, ondoka.

Jirani yangu anayeuza magodoro alifanya hivyo hivyo, akarudisha chujio na bomba la hewa la kiwandani na presha ya turbo. Kukohoa kumeisha, anaenda Mugumu na kurudi. Lile bomba kubwa la moshi amelifungua, liko nyuma ya duka lake. Ni la inchi 3, halina kutu. Kama kuna mtu wa mashindano analitaka, tuongee bei.