Neno la Mhariri: Tuulizeni Kwanza Habari za Rejista

Hojaji imenifikia tena, ya nne mwaka huu kama sikukosea kuhesabu. Safari hii aliyeileta ni mwanafunzi wa uuguzi wa hapahapa Bujumbura, mpole, anayetaka kumaliza tasnifu yake aanze kazi, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hojaji yenyewe, ambayo Kifaransa chake laini kinanipa shaka kwamba iliandikwa na mashine ileile inayoulizia. "Akili mnemba itaboresha huduma kwa mgonjwa": nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Mizani hii tuliachiwa na Rensis Likert mwaka 1932, na haina kosa. Kosa ni kumtaka mtu amhukumu mgeni ambaye hajabisha hodi vituoni kwetu.

Tafiti za namna hii zimejaa Uturuki, Saudi Arabia, Jordan na Misri, na nyingi kati ya nilizosoma zinarudi na jibu moja: mtazamo wa wanafunzi ni mzuri, uelewa wao ni mdogo, waongezewe somo. Sasa jibu hilo linatafutiwa wenyeji Burundi. Tulipotangaza mada ya toleo hili tulitarajia ubishi, tukapokea hojaji. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba mhariri hana nia ya kukaa katikati.

Ninachobisha ni hiki. Hojaji hizi zinamweka mwanafunzi wa uuguzi nje ya dirisha, aichungulie akili mnemba na kusema kama inampendeza. Wakati yeye yuko jikoni. Mashine ya afya hula kumbukumbu zilizoandikwa, na katika vituo vyetu vya afya kumbukumbu hizo huandikwa na muuguzi. Foleni ikishafika getini, saa nne asubuhi, rejista husogezwa kwa mwanafunzi wa staji, yaani aliye kwenye mafunzo ya vitendo. Mkono wake ndio utakaokuwa umeifundisha mashine, ikija. Hakuna hojaji hata moja kati ya hizo nne iliyomwuliza huwa anaandika nini.

Nilipokuwa staji mimi mwenyewe, kwenye kituo kisicho na haja ya kutajwa, muuguzi mkuu wa zamu alinifundisha jambo ambalo halikuwa kwenye somo lolote: ugonjwa usio na mstari wake kwenye ripoti ya mwezi utakusumbua jioni, basi utafutie mstari ulio karibu. Akaja mzee wa mtaa wa Buyenzi akasema, kwa Kiswahili, kwamba ana moto kifuani, unapanda na kushuka, na usiku unahamia mgongoni. Nikaandika, kwa Kifaransa safi, vidonda vya tumbo. Hadi leo sijui yule mzee alikuwa na nini. Rejista inajua: ana vidonda vya tumbo.

Tena rejista yetu si daftari la ugonjwa peke yake. Mei 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua, na vituo vikawa vinarudishiwa fedha kwa huduma vilizotoa. Mwaka 2010 mpango wa kuvilipa vituo kulingana na kazi iliyofanyika ulienea nchi nzima ukaunganishwa na ule wa bure. Tangu hapo ukurasa mmoja unabeba mizigo miwili, habari za mgonjwa na hati ya madai. Wakaguzi huja, hesabu hulinganishwa, hata wagonjwa hufuatwa majumbani kuulizwa kama kweli walitibiwa. Sisemi watu wanadanganya, na atakayeninukuu hivyo atakuwa amenionea. Nasema kalamu ikizoea huijua njia ya malipo, kama maji ya mto Ntahangwa yanavyoijua njia ya ziwani.

Wanaoona nakuza mambo wamsome Ziad Obermeyer na wenzake, waliochapisha kwenye jarida la Science mwaka 2019. Walichunguza programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada, wakakuta inapima gharama mahali pa ugonjwa. Wamarekani Weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kuliko Weupe kwa ugonjwa uleule, basi programu ikawaona wazima kuliko walivyokuwa. Hesabu iliposahihishwa, sehemu ya Weusi miongoni mwa waliostahili uangalizi huo ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Rangi ya mtu haikuwa hata kwenye hesabu. Programu iliulizwa fedha, ikajibu fedha. Sasa rejista za miaka yote hii zikimwagwa ndani ya mashine, itajifunza Burundi inaugua nini, au Burundi inalipwa kwa lipi? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekwisha kukaa na rejista ya kituo miezi miwili analijibu swali hilo vizuri kuliko mtaalamu anayeshuka uwanja wa ndege na kompyuta ya mkononi. Huo ndio uelewa wa akili mnemba. Mizani ya Likert haiuoni.

Lugha nayo imo humohumo. Ukisema homa Nairobi, watu wanaelewa mafua. Ukisema homa Dar es Salaam, wanaelewa joto la mwili. Hapa Buyenzi na Bwiza, anayekuja na homa mara nyingi amekwisha kujipima mwenyewe nyumbani na kuamua ni malaria. Mashine iliyojifunzia Kiswahili kwenye magazeti ya majirani itamsikia nani? Na Kirundi, lugha ya wagonjwa wetu walio wengi, kiliingia kwenye Google Translate mwaka 2024, miaka minne baada ya Kinyarwanda. Kati ya mdomo wa mgonjwa na safu ya Kifaransa kwenye rejista kuna mkalimani asiyelipwa kwa ukalimani, naye ni yuleyule mwanafunzi.

Kati ya makala za toleo hili, ile ya Nairobi nimeisoma mara mbili kwa sababu inanipinga kidogo, na nafurahi kuichapisha. Kliniki 15 za Penda Health, zikishirikiana na OpenAI, zilijaribu chombo kinachomwonya tabibu pale anapoelekea kukosea. Matokeo yaliyotolewa Julai 2025, kutoka mahudhurio 39,849, yanaonyesha makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Sitabeza hilo. Ila mwandishi wetu amepita haraka mahali ambapo mimi ningepiga kambi: chombo kile hakikumsikiliza mgonjwa, kilisoma alichoandika tabibu. Penda wana kumbukumbu za kwenye kompyuta zinazoandikwa mgonjwa akiwa bado kitini. Tukitamani kuonya kwao, tuanze na kuandika kwao.

Mwandishi wa Kigali ametukumbusha Babyl, huduma ya matibabu kwa simu iliyoanza Rwanda mwaka 2016, ikaandikisha watu zaidi ya milioni mbili, ikazimika 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka. Msomeni kabla hamjasaini chochote. Makala ya picha za kifua inaeleza kwa nini Machi 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu zisome picha za kifua kikuu za watu wa miaka 15 na zaidi. Ni nzuri, fupi, haina makuu. Kanuni sita za mwongozo wa shirika hilohilo wa Juni 2021 zimefafanuliwa zote, kwa wanaopenda kanuni. Aliyeandika kwamba tusubiri kwanza umeme wa REGIDESO utulie ndipo tuzungumzie akili mnemba, nimemchapisha kwa heshima ya umri wake. Wanafunzi wake hawakusubiri, wana simu na bando, na ripoti za staji anazozisahihisha tayari zina wino wa mashine. Na mjadala wa kama tuseme akili mnemba, unde au bandia, mimi nimechagua la kwanza na nimefunga faili.

Kwa wakuu wa vyuo nina ombi dogo. Msianze na semina ya siku mbili kwenye hoteli ya ufukweni. Chukueni ukurasa mmoja wa rejista, ufuteni majina, muuweke mbele ya wanafunzi, waulizwe kila mstari: mgonjwa alisema nini, kwa lugha gani, nani aliandika, kwa nini neno hili na si lile, nani alilipwa. Kisha waulizwe na hili: mpox ilithibitishwa nchini Julai 2024. Mashine iliyofundishwa kwa rejista za 2023 ingeiita nini? Saa moja kwa juma inatosha. Baada ya hapo leteni mashine, na hata hojaji nitaijaza.

Nanyi wanafunzi, kurasa za mwisho za toleo lijalo nimewaachia. Tuleteeni maneno mawili tu: alilosema mgonjwa kama lilivyomtoka mdomoni, liwe Kirundi au Kiswahili, na mliloliandika ninyi kwenye rejista. Majina ya wagonjwa na ya vituo myaache hukohuko.