Fikasi Haikulogwa

Mche wa fikasi ukinunuliwa kitaluni Dar es Salaam kwenda kupandwa Ngorongo, Rufiji, husafiri nyuma ya kirikuu: lami hadi Kibiti, kisha vumbi la barabara ya Mloka. Unafika umeshapigwa na jua na upepo, na kabla haujateremshwa majirani wameanza kutoa ushauri. Muuzaji naye alikwisha kutoa wake. Mengi yanayosemwa juu ya mti huu wenye majani yanayong'aa na vitawi vilivyoinamia chini hukosea mahali pamoja: ama unachukuliwa kuwa ua, ama unachukuliwa kuwa mkuyu. Kumbe ni mti mkubwa wa msituni. Kwao ni Asia ya Kusini hadi kaskazini mwa Australia, na huko hufika mita 30.

"Majani yamepukutika, mti umepatwa na jicho." Hili ndilo linalosemwa zaidi, na wasiosema jicho husema mti unakufa. Fikasi hupukutisha majani kwa sababu imehamishwa. Kila jani limekua kwa kiasi fulani cha mwanga. Ukiutoa mche juani kitaluni na kuuweka kwenye kona ya sebule, majani yale hayapati tena mwanga wa kujilisha, na mti unayaachia ili uchipue mengine yanayolingana na mahali pake papya. Ukifanya kinyume, ukautoa kivulini na kuusimamisha kwenye jua la saa saba mchana, majani yanaungua kwanza ndipo yanaanguka. Upepo wa safarini nao hukausha majani kuliko mizizi iliyobanwa kwenye kiriba inavyoweza kuyanywesha.

Kabla ya kumtafuta mchawi, kwaruza gome la kitawi kwa ukucha. Ukiona ubichi wa kijani na utomvu mweupe ukichuruzika, mti uko hai, na kinachotakiwa ni subira. Uache pale ulipo. Kosa kubwa ni kuuzungusha: leo barazani, kesho dirishani, keshokutwa nyuma ya nyumba, maana kila uhamisho huleta mpukutiko mwingine na mwenye mti huona ameongezewa ushahidi wa uchawi. Mche uliotoka kivulini uzoeshwe jua kidogo kidogo: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, kisha muda uongezwe.

Kuna mpukutiko wa aina nyingine ambao ni ugonjwa kweli. Ukikuta majani machanga yamejikunja katikati kama kitabu kilichofungwa, lifungue mojawapo. Ndani utaona vidudu vyembamba vyeusi vikikimbia, na watoto wao weupe wamejazana. Hao ni thiripi. Jani lililojikunja huwakinga, kwa hiyo dawa ya kupuliza juujuu huwafikia kwa shida. Yachume majani hayo yote uyachome. Kwa vidung'ata wenye unga mweupe kwenye vikonyo, maji ya sabuni na kitambaa yanatosha ukiwawahi.

"Basi uupe maji kila siku." Ushauri huu hutolewa pale pale majani yanapoanguka, na ndio unaoua miche mingi ya chunguni. Mizizi huvuta hewa, na kwenye udongo uliojaa maji muda wote huoza. Mti wenye mizizi iliyooza hunyauka mfano wa wenye kiu, mwenyewe akauongezea maji, ukaoza zaidi. Tumia kidole. Kichomeke kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kikitoka na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha mwaga yaliyotuama kwenye sahani. Chungu kisicho na tundu kisitumike kabisa, hata kiwe na nakshi gani. Wakati wa masika chungu cha nje huenda kisihitaji tone kutoka kwako, na wakati wa kiangazi chungu hicho hicho kikaomba maji kila baada ya siku moja au mbili.

Sasa lile lenye gharama: "Ni mti mdogo, upande tu hapo ukutani." Fikasi ni ndogo kwa sababu kiriba ni kidogo. Ikigusa ardhi, udogo umekwisha. Na miche ya vitaluni kwa kawaida haitokani na mbegu. Hukatwa kitawi kikaoteshwa, au gome hubanduliwa kidogo na kufungiwa udongo mpaka mizizi itoke. Mti wa namna hiyo hauna mzizi mkuu wa kuzama chini. Mizizi yake hutambaa kwa upana, mingine ikionekana juu ya ardhi, na hufuata unyevu popote ulipo: karo la choo, bomba linalovuja, msingi wa tangi la maji ya mvua. Ikipata ufa kwenye zege huingia ikiwa myembamba, kisha hunenepa humo humo.

Pwani yetu haihitaji kuagiza mfano kutoka mbali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014. Bahari ilikuwa inakula fukwe, lakini mimea iliyoota kwenye kuta nayo ilikuwa sehemu ya tatizo. Hizo ni kuta za mawe na chokaa zilizojengwa na watu waliojua kazi. Ukuta wa tofali moja uliopigwa lipu mwaka jana utashindana vipi? Atakayeipanda fikasi ardhini aiweke angalau mita kumi kutoka kwenye nyumba, karo, kisima au tangi. Asiye na mita kumi aiache chunguni, na kila baada ya miaka miwili au mitatu aitoe, apunguze mizizi inayozunguka chungu, airudishe na udongo mpya uliochanganywa mchanga na samadi iliyooza.

Wapo wanaosema fikasi ni ndugu wa mkuyu, kwa hiyo italeta maji. Undugu upo: mkuyu, mtini, na ule mutuba ambao Waganda hutengenezea nguo za magome, wote ni wa jamii hiyo moja. Lililogeuzwa kichwa chini miguu juu ni hilo la maji. Mkuyu huonekana kando ya mto Rufiji na kwenye vijito vyake kwa sababu maji yalitangulia. Kivuli chake husaidia na mizizi yake hushika kingo, lakini haujawahi kuzaa chemchemi mahali pakavu. Rufiji, kuliko sehemu nyingi, inajua maji yanatoka wapi. Mto ndio uliowahamisha watu: baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ya 1969 iliondoa kaya nyingi bondeni na kuzipandisha kwenye ardhi ya juu, na mashamba ya mpunga yakabaki kule chini na madungu yake ya kulindia. Aprili 2024 mto ulifurika tena ukazamisha mashamba Rufiji na Kibiti. Huku juu udongo ni wa kichanga na kiangazi ni kikali. Fikasi ikipandwa hapa haileti maji, inayanywa. Msimu au miwili ya mwanzo itadai ndoo zako na matandazo ya nyasi kuzunguka shina, yasiliguse shina lenyewe.

Undugu huo huo ndio unaowafanya wengine wadhani hata mizimu hurithiwa. Mkuyu mkongwe una historia yake na watu wake, na anayepeleka ubani chini yake ana sababu zake. Simo katika ugomvi huo. Ila mche uliotoka kiribani Mikocheni, Dar es Salaam, mwezi uliopita, nani kahamia humo na kwa barua gani?

"Matunda yake yanalika kama kuyu." Hapana. Vitunda vyake ni vidogo, kama sentimita moja, na ndege huvipenda kuliko binadamu. Kila mti wa jamii hii huwa na nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kuchavusha. Wa mkuyu yuko hapa Afrika. Wa fikasi asili yake ni Asia, na asipokuwepo tunda halitoi mbegu za kuota. Wanaokwenda upande wa pili na kusema ni sumu ya kuua nao wanazidisha. Utomvu wake huwasha ngozi na macho, mtoto akitafuna majani mdomo na tumbo vitamsumbua, na baadhi ya watu hupiga chafya na kukohoa wakikaa nao ndani. Vaa glavu unapoukata, na panga ulifute kabla utomvu haujakauka. Wanaoupaka utomvu huo kwenye vidonda wauache.

Halafu kuna hili linalouza miche mijini: fikasi husafisha hewa ya nyumba. Chanzo chake ni utafiti wa 1989 wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ulioongozwa na mtafiti Wolverton, na fikasi ilikuwa miongoni mwa mimea iliyojaribiwa. Ilijaribiwa ndani ya masanduku yaliyofungwa hewa isipite. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipiga hesabu upya kutoka tafiti za miaka mingi: ili mimea ilingane na hewa inayopita yenyewe ndani ya jengo, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Mgeni wako angekaa wapi? Nyumba ya Ngorongo, yenye mwanya kati ya ukuta na paa na mlango ulio wazi tangu alfajiri, imeshasafishwa na upepo.

La mwisho husemwa na waliokwisha kosea: "Ukinisumbua nitaukata, yaishe." Haiishi. Fikasi huvumilia kukatwa kuliko miti mingi, ndiyo maana watu huikatia ua na kuitengenezea maumbo ya mviringo na mraba. Ukikata shina ukaacha kisiki, kitachipua machipukizi mengi kuliko matawi uliyoyatoa, na mizizi itaendelea na kazi yake chini ya msingi. Kwa hiyo, uliye nayo ukutani, nenda ukaitazame leo. Kama shina bado linaenea kwenye kiganja, chimba uzunguke lote, ung'oe na kisiki chake kabla ya masika, ufukie shimo. Shina likishapita unene wa paja, usilivute kwa nguvu wala kwa trekta, kwa sababu mizizi iliyokwisha kushika msingi itaondoka na msingi. Mwite fundi kwanza auangalie ukuta.